Slaidi sita, majani matatu: kwa nini chapa mbili za jani la mwembe zilitoka tupu

Mwanafunzi wa kidato cha pili yuko Tanga, ni mwezi wa Aprili na mvua za masika zimekolea. Amepewa kazi ya nyumbani: aonyeshe kama stomata, vile vitundu vidogo ambavyo jani hupitishia hewa na mvuke wa maji, ziko pande zote mbili za jani la mwembe, la mahindi na la matembele, kisha azihesabu. Nyumbani ipo hadubini ya mitumba ya aina ya shuleni. Lenzi ya macho inakuza mara 10, lenzi za chini ni tatu, za mara 4, 10 na 40, mwanga unatoka kwenye kioo cha kuakisi, na chini ya jukwaa kuna gurudumu lenye matundu ya ukubwa tofauti. Ana selotepu angavu, slaidi za kioo na kichupa cha rangi ya kucha isiyo na rangi.

Njia aliyotumia ndiyo inayofahamika. Unapaka rangi ya kucha juu ya jani, unaiacha ikauke, unabandika selotepu juu yake, unabandua, na utando unaotoka unakuwa umenakili kila kilima na kila shimo la uso wa jani; nakala hiyo ndiyo chapa. Ni njia nzuri kwa sababu haihitaji wembe wala rangi za maabara, na jani lenyewe halihitaji kukatwa vipande.

Zilipatikana slaidi sita, mbili kwa kila mmea. Ya upande wa juu wa mwembe ilionyesha vigae vidogo vilivyopangana na hakuna kingine. Ya upande wa chini wa mwembe haikuonyesha chochote, isipokuwa viputo na mikwaruzo. Mahindi upande wa juu, utando ulikuwa mweupe kama maziwa na chini ya hadubini ulijaa vidoti. Mahindi upande wa chini, utando ulichanika vipande vipande, lakini kipande kimoja kilikuwa safi na stomata zilionekana. Matembele juu, utando ulitoka na ukijani. Matembele chini, rangi haikukauka kabisa na selotepu iliondoka na nyuzinyuzi za gundi. Kwenye daftari mwanafunzi akaandika kwamba jani la mwembe halina stomata, na kwamba huenda hadubini ni mbovu.

Hadubini ni nzima, kwa kuwa kipande kile cha mahindi kilionekana vizuri kwa lenzi zilezile. Na jani la mwembe lina stomata nyingi mno. Ila zote ziko upande wa chini.

Slaidi mbili za mwembe

Hapa ndipo penye uzito wa kisa chote, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Slaidi ya kwanza na ya pili zote zilisomwa kama «hakuna kitu», lakini zinasema mambo mawili tofauti kabisa.

Slaidi ya kwanza ilifaulu. Vile vigae vilivyoonekana ni seli za epidermisi, ngozi ya nje ya jani. Kuta zake ni nyembamba, umbo lake ni la pembe nyingi, na zimekaa bega kwa bega bila nafasi. Rangi ya kucha ikiwa imenakili mpaka mistari ya kuta za seli, haiwezi kuruka stomata ambayo ukingo wake umejitokeza kuliko ukuta wa kawaida. Kwa hiyo kutokuona stomata pale ni jibu halali: upande wa juu wa jani la mwembe hauna stomata. Ndivyo ilivyo kwa miti mingi yenye majani magumu yanayong'aa.

Slaidi ya pili haikuonyesha hata seli. Utando usioonyesha mpaka wa seli hata mmoja hauwezi kutumika kusema lolote kuhusu stomata, kuwepo wala kutokuwepo. Hiki ndicho kipimo cha kwanza kwa kila chapa ya jani, na tungependa kila mwanafunzi akizoee kabla ya kuandika neno moja kwenye daftari: tafuta seli kwanza. Ukiziona, endelea kusoma. Usipoziona, slaidi hiyo haina ushahidi wowote ndani yake.

Sasa, kwa nini seli zilipotea? Jani la mwembe lina nta, na rangi ya kucha hailing'ang'anii sana. Upande wa chini utando ulianza kujikunja wenyewe pembeni, mwanafunzi akaunyanyua wote kwa kibano, akauweka kwenye upande wenye gundi wa selotepu, akabandika selotepu kwenye slaidi. Utando mwembamba uliokunjamana hauonyeshi upi ni uso uliogusa jani na upi ni uso uliogusa hewa. Yeye aliulaza kinyume: uso wenye chapa ukazama kwenye gundi.

Kinachotuwezesha kuona chapa ni tofauti ya namna vitu viwili vinavyopinda mwanga. Utando wa rangi ya kucha, ambao kwa sehemu kubwa ni nitroselulosi, unapinda mwanga kwa kiwango cha takriban 1.5. Hewa ni 1.0. Mwanga unapotoka kwenye utando kuingia hewani, kila bonde na kila ukingo unaupindisha, na hapo jicho linaona mstari. Gundi ya selotepu nayo iko karibu na 1.5. Gundi ikijaza mabonde ya chapa, mwanga unapita moja kwa moja kana kwamba utando na gundi ni kitu kimoja. Chapa bado ipo pale, lakini haionekani.

Dalili yake iko kwenye slaidi yenyewe, na ukiijua huisahau. Weka lenzi ya mara 10 na utafute sehemu ambapo gundi haikugusa utando vizuri, pale palipobaki mfuko wa hewa. Ndani ya mfuko huo utaona seli na stomata zimejipanga wazi. Ukivuka ukingo wa mfuko, picha inakatika ghafla na kuwa uwanda mtupu. Slaidi ya pili ilikuwa na mifuko kama hiyo karibu na mkunjo mmoja, na ndani yake stomata ndogondogo zilikuwa zimesongamana. Kwa hiyo jibu la upande wa chini wa mwembe lilikuwemo ndani ya slaidi iliyotupwa.

Kosa hilo halitokei ukifuata njia ya selotepu moja kwa moja juu ya jani: gundi inashika mgongo wa utando, na uso wenye chapa unabaki wazi, ukitazama kioo cha slaidi na tabaka jembamba la hewa kati yake. Kama utando umejibandua wenyewe, usiuguse kwa selotepu. Ulaze mkavu juu ya slaidi, ubane kingo mbili kwa vipande vyembamba vya selotepu, na katikati pabaki bila gundi. Upande wowote utakaokuwa juu, chapa itaonekana, maana pande zote mbili kuna hewa.

Kwa sababu hiyohiyo, usitie maji, glisirini wala mafuta kwenye chapa. Wengi wamezoeshwa kwamba kila slaidi huwekewa tone la maji na kifuniko. Hiyo ni kwa tishu halisi ya mmea. Maji yanapinda mwanga kwa 1.33, karibu na utando kuliko hewa, na picha inafifia. Kifuniko cha kioo nacho hakina kazi hapa. Juu ya selotepu kinaongeza unene tu, na lenzi ya mara 40 haipendi unene.

Weupe wa masika

Mahindi upande wa juu yalitoa utando mweupe. Watu hudhani rangi ya kucha imeharibika, au jani lilikuwa na vumbi. Mara nyingi sababu ni hewa.

Rangi ya kucha hukauka kwa viyeyushi vyake, hasa ethili asetati na butili asetati, kupotelea hewani. Kiyeyushi kinapoondoka kinachukua joto, na uso wa utando unapoa. Hewa ikiwa imejaa unyevu, kama Tanga au Zanzibar asubuhi baada ya mvua, kupoa huko kidogo kunatosha kuufanya mvuke ulioko hewani utue juu ya utando kama umande. Vitone hivyo vinaingia kwenye rangi ambayo bado ni laini, nitroselulosi inaganda kuvizunguka, na maji yakikauka vinabaki vitundu vingi visivyo na idadi. Vitundu hivyo ndivyo vinavyotawanya mwanga na kuufanya utando uwe mweupe. Chini ya hadubini vinaonekana kama vidoti vya mviringo, na anayetafuta stomata kwa hamu anaweza kuvihesabu kwa makosa.

Feni inaongeza tatizo. Inaonekana kama msaada kwa kuwa utando unakauka haraka, lakini kukauka haraka ni kupoa zaidi. Sufuria ya maji ikichemka jirani, hali ni mbaya zaidi. Jani lililotoka kwenye friji nalo lina umande wake lenyewe hata kabla hujalipaka. Kama ulilihifadhi huko, liache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka lifikie joto la chumba ndipo ulitoe.

Dawa ni kusubiri saa sita au saa saba mchana siku ambayo mvua imekatika, kufanya kazi ndani, kuzima feni, na kupaka tabaka jembamba. Tabaka nene lina kiyeyushi kingi, linapoa kwa muda mrefu, linakusanya umande zaidi.

Vidoti, viputo na stomata vinatofautishwa hivi. Kiputo cha hewa ni duara kamili, kina ukingo mweusi mnene, na viputo vinatofautiana ukubwa. Vidoti vya unyevu ni vidogo sana na vimetapakaa bila mpango, hata juu ya mistari ya seli. Stomata za mmea mmoja zinakaribiana ukubwa, kila moja ina mpasuko katikati na seli linzi mbili ubavuni, zile zinazoufungua na kuufunga, na inakaa kati ya seli nyingine kwa mpangilio. Kwenye mahindi mpangilio huo hauna utata: stomata ziko kwenye mistari inayofuata mishipa ya jani, na seli linzi zina umbo jembamba katikati na nene kwenye ncha mbili. Zimezungukwa na seli ndefu zenye kuta za mawimbimawimbi.

Kipande kizuri cha mahindi upande wa chini kilionyesha hayo yote. Sehemu iliyobaki ilichanika kwa sababu selotepu ilivutwa kukata mishipa. Jani la mahindi lina matuta yanayokwenda sambamba, na utando ni mwembamba juu ya kila tuta; ukiuvuta kwa kukatisha, unachanika tuta kwa tuta. Vuta kufuata urefu wa jani, kutoka upande wa shina kuelekea ncha, selotepu ikiwa imelala karibu kabisa na jani.

Kuna jambo jingine la mahindi ambalo halikutokea hapa lakini litamkuta mtu siku moja. Majani ya kwanza ya mche, matano au sita hivi, yana unga wa nta. Tone la maji juu yake linasimama kama shanga. Majani yanayofuata hayana unga huo na tone linatandaa. Ukipaka rangi ya kucha juu ya jani lenye unga, unga unatoka pamoja na utando na chapa inakuwa ya chengachenga. Sukuma wiki na kabichi ni hivyohivyo. Kwa mahindi chukua jani la mmea uliokwisha kupita goti, sehemu ya katikati ya urefu wake, nusu ya njia kati ya mshipa mkuu na ukingo. Kwa sukuma wiki futa unga kwanza kwa pamba laini, bila kusugua.

Rangi ya jeli, na utando wa kijani

Slaidi ya sita ilipakwa rangi kutoka kichupa kingine, kwa sababu cha kwanza kilikuwa kimekauka. Kichupa cha pili kilikuwa cha jeli, ile inayokaushwa saluni kwa taa. Jeli haikauki kwa kupoteza kiyeyushi. Inagandishwa na mwanga wa urujuanimno wa ile taa. Bila taa itanata leo, itanata kesho. Soma maandishi ya kichupa kabla ya kununua, na epuka pia yenye kumetameta, yenye rangi na ile ya kuleta wekundu wa mbali. Inayofaa ni ya kawaida, angavu, inayotiririka kutoka kwenye brashi. Ikiwa imezeeka na inavuta nyuzi, matone mawili matatu ya asetoni na kuizungusha taratibu mikononi huirudisha. Usiitikise, maana ukiitikisa unatengeneza viputo ambavyo utavikuta baadaye kwenye slaidi.

Slaidi ya tano, ile ya kijani, inavutia kwa namna yake. Jani la matembele ni jembamba na laini. Mwanafunzi alipaka tabaka mbili nene. Kiyeyushi kilipenya, seli za juu zikafa, na utando ulipobanduliwa ulivuta epidermisi na kuacha jeraha kwenye jani. Kilichoko kwenye slaidi hiyo ni ngozi halisi ya jani iliyogandamana na rangi, pamoja na mabaki ya tishu ya kijani ya chini yake. Unaijua kwa rangi. Chapa ya kweli haina rangi kabisa, popote. Ukiona chembe za kijani ndani ya seli linzi, hizo ni kloroplasti, na unatazama mmea wenyewe.

Kitu hicho si cha kutupwa. Ngozi halisi inaweza kuchorwa, tena kwa faida, kwa kuwa inaonyesha kloroplasti ambazo chapa haiwezi kuonyesha. Ila isiandikwe kuwa ni chapa, na isitumike kwa hesabu kama imetoka na matundu, kwa sababu sehemu zilizochanika huwezi kujua zilikuwa na nini.

Kwa majani laini kama matembele au mchicha, tabaka ni moja na jembamba, na jani libaki kwenye shina au kikonyo chake kiwe ndani ya maji ili lisinyauke. Jani lililonyauka linakunjamana chini ya utando na chapa inatoka na makunyanzi. Hapa pia ndipo mkono mwepesi unapohitajika zaidi: bonyeza selotepu kwa kidole mara moja, usiisugue, kisha uivute polepole.

Kazi iliporudiwa

Majani mapya yalichumwa asubuhi: jani la mwembe lililokomaa, la kijani kilichokolea, si lile changa la rangi ya shaba ambalo bado linakua; jani la kati la mahindi; na kipande cha shina la matembele kikiwa na majani yake, kimewekwa kwenye glasi ya maji. Yote yaliogeshwa kwa maji safi na kukaushwa kwa kugusisha kitambaa laini. Hakuna sabuni.

Kila upande ulipakwa eneo la kama sentimita moja mraba, mbali na mshipa mkuu. Brashi ifutwe kwenye mdomo wa kichupa upande mmoja, kisha ipite mara moja tu. Ukiirudisha brashi pale ilipopita, unavuta utando ulioanza kushika na chapa inapata michirizi. Pande za juu na za chini zilipakwa kwenye majani tofauti ya mmea uleule, kwa kuwa jani moja likipakwa pande zote mbili ni lazima upande mmoja ulale mezani ukiwa mbichi.

Muda wa kukauka ni dakika 15 hadi 20 kwenye hewa kavu, na nusu saa au zaidi pwani wakati wa masika. Usiangalie saa peke yake. Gusa ukingo wa utando kwa ukucha: ukiacha alama, bado. Ukiubandua mapema utavutika kama mpira na seli zote zitarefuka upande mmoja. Ukiuacha mpaka jioni utakuwa mkavu wa kuvunjika, hasa juu ya matuta ya mahindi.

Selotepu iwe ile inayong'aa, inayopitisha mwanga wote. Ile yenye uso wa ukungu, inayopotea juu ya karatasi, inatawanya mwanga na kuharibu picha hata kama chapa ni nzuri. Kipande cha sentimita nne hivi kinatosha, na ncha moja inakunjwa ili iwe na mahali pa kushika. Ukibandua, utando unabaki kwenye selotepu kama doa linalong'aa. Bandika kwenye slaidi safi, laza kwa kidole kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na andika pembeni papo hapo mmea na upande. Slaidi sita zisizo na maandishi hazitofautishiki kwa macho.

Kisha mwanga. Hili liliwahi kuzifanya hata chapa nzuri zionekane tupu, kwa hiyo si dogo. Chapa haina rangi. Inaonekana kwa vivuli tu. Gurudumu la matundu likiwa kwenye tundu kubwa, mwanga unatoka pande zote na kufuta vivuli. Anza na lenzi ya mara 4, tafuta ukingo wa utando na uulenge, kwa sababu ukingo ndio unaoonekana kirahisi kuliko vyote. Ingia ndani ya utando, badilisha lenzi ya mara 10, kisha zungusha gurudumu mpaka tundu dogo. Picha itakuwa na giza zaidi, na mistari ya seli itajitokeza. Hadubini isiyo na gurudumu inaweza kusaidiwa na kipande cha kadi nyeusi kilichotobolewa tundu la milimita 3 hadi 5, kikabandikwa chini ya jukwaa, katikati kabisa. Kuinamisha kioo kidogo ili mwanga uje kwa ubavu nako kunasaidia sana. Kioo kielekezwe kwenye anga la dirishani au kwenye karatasi nyeupe iliyomulikwa na taa, kamwe kisielekezwe kwenye jua lenyewe: mwanga wa jua uliokusanywa na lenzi unaunguza jicho bila kurudi nyuma.

Unapozungusha skrubu ndogo, vilivyokuwa vyeusi vitageuka vyeupe na vyeupe vitageuka vyeusi. Ni tabia ya chapa, kwa kuwa unatazama mabonde na vilima vilivyogeuzwa: kilichoinuka kwenye jani ni bonde kwenye utando. Vinyweleo vya jani huacha matundu. Chagua kina kimoja ambapo mpasuko wa stomata ni mkali, na usome slaidi zote kwenye kina hicho.

Mwembe juu: seli tu. Mwembe chini: stomata nyingi, ndogo, ambazo kwa lenzi ya mara 10 ni kama punje na zinahitaji lenzi ya mara 40 ili zieleweke. Mahindi: pande zote mbili, kwenye mistari. Matembele: pande zote mbili, nyingi zaidi chini, kila moja ikiwa na seli mbili nje ya seli linzi, zilizolala sambamba na mpasuko.

Hesabu

Swali la «ngapi» linahitaji kujua ukubwa wa duara unaloliona. Weka rula angavu chini ya lenzi ya mara 4 na usome kipenyo. Kwa lenzi ya macho iliyoandikwa 10 na 18, utasoma milimita 4.5 hivi. Lenzi ya mara 40 inakuza mara kumi zaidi ya hiyo, hivyo kipenyo chake ni milimita 0.45 na eneo lake ni milimita za mraba 0.159. Ukihesabu stomata 32 ndani ya duara, 32 gawanya kwa 0.159 ni takriban 201 kwa kila milimita ya mraba. Pima duara la hadubini yako mwenyewe. Lenzi za macho za bei nafuu zinatofautiana.

Stomata iliyokatwa na ukingo wa duara ihesabiwe kama iko nusu ya kushoto, iachwe kama iko nusu ya kulia. Hesabu maduara matano yaliyo mbalimbali ndani ya utando mmoja, ruka yenye mshipa au viputo, na uandike hesabu zote tano kabla ya kutafuta wastani, ili anayesoma aone kama zinakaribiana. Kwa mwembe upande wa juu andika sifuri, na mbele yake andika kwamba seli za epidermisi zilionekana wazi katika maduara yote matano. Bila maneno hayo sifuri hiyo haina uzito.

Chapa hizi zisitumike kuamua kama stomata zilikuwa wazi au zimefungwa. Juu ya mpasuko kuna kingo za kutikali, yaani tabaka la nje la jani lenye nta, zinazofunika kidogo, na rangi ya kucha mara nyingi inanakili kingo hizo badala ya tundu lenyewe lililo chini yake. Kiyeyushi nacho kinawahi kuzisumbua seli linzi kabla ya utando kushika. Kwa swali la mchana na usiku, tumia ngozi halisi iliyobanduliwa na kutazamwa ndani ya maji papo hapo.

Rangi ya kucha na asetoni vinashika moto upesi, na mvuke wake unatambaa chini. Jiko la mkaa, mshumaa na jiko la gesi viwe mbali, na madirisha yawe wazi. Slaidi zilizokamilika zikae kwenye bahasha ya karatasi, kavuni, mbali na jua. Joto linalainisha gundi, na gundi ikitambaa mpaka kwenye uso wa chapa, seli zitaanza kufifia kutoka pembeni kuelekea katikati.